Futa Dereva

Katika gari letu la mayai kiti kilichoheshimiwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni cha dereva. Viti vya nyuma viling'olewa zamani ili trei zipate kupangwa hadi karibu na paa, na kile cha abiria kilikuwa na shimo nililoliziba kwa gunia lililokunjwa kila nilipoketi. Kiti cha mume wangu ndicho kilichobaki na kitambaa chake. Kilisogezwa nyuma siku gari liliponunuliwa, kikalingana na miguu yake mirefu, na tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa.

Hoteli iliyokuwa mteja wetu mkubwa ilitutumia habari kwamba haitapokea tena mzigo kutoka kwa gari lisilo na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika. Tulipewa hadi Jumatatu. Basi Jumamosi mchana tukakutana katika chumba cha mayai, ambako mtandao ulishika vizuri kuliko sebuleni: mume wangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdogo wake ambaye ni fundi gari akiegemea mlango, na binti yetu mkubwa, mwenye kazi katika duka la kutoa nakala, akiwa ameshika simu yenye fomu ya kampuni ya bima.

"Nipe mimi nisome," nilimwambia.

"Mama, macho yako."

"Macho yangu yamechelewa kujifunza, hayajachelewa kuona. Lete."

Katika darasa la watu wazima nilikojifunzia kusoma, mwalimu alitupa sharti moja: usijibu swali kabla hujafika kwenye alama ya kuuliza. Wengi wetu tulizoea kusoma nusu na kukisia nusu. Nililishika sharti lile kama dawa.

Shemeji alikwisha kujaza mwanzo peke yake, harakaharaka, na bei iliyotokea ilikuwa nzuri. Mume wangu akapiga paja. "Kumbe! Na watu wanalia bima ghali."

"Ngoja," nikasema. "Gari hutumika kwa shughuli gani? Hapa pamejibiwa, matembezi ya nyumbani."

"Mayai nayo si yanatembea, shemeji?" fundi akasema, tukacheka.

Lakini nilirekebisha, nikaweka biashara. Bei ikapanda palepale mbele ya macho yetu. Nikaendelea: gari hulala wapi? Shemeji aliandika ndani ya ua uliofungwa. Ua wetu umejaa mabanda ya kuku, na gari hulala barabarani, nje ya geti. Nikarekebisha, bei ikapanda tena.

"Huyu mama yako atatuuza," shemeji alimwambia binti yangu. "Hii ni simu, siyo hakimu."

Binti akatikisa kichwa. "Baba mdogo, wiki iliyopita alikuja mteja dukani kutoa nakala za barua ya kampuni yake ya bima. Alijibu matembezi, akagonga akiwa na mzigo wa saruji. Hawakumlipa hata kioo. Alisimama pale kwenye mashine, karatasi zinatoka moja moja, na yeye analia bila sauti."

Kicheko kikakatika. Mume wangu akauliza, kwa upole wa mtu anayetaka kweli kuelewa, "Lakini gari ni lilelile, na mimi ni yuleyule. Kwa nini bei inarukaruka kama panzi?"

"Kampuni haikujui, Baba. Inachojua ni watu elfu wanaofanana na wewe. Ukisema gari linalala nje, inakuhamishia kwa wale elfu ambao magari yao yanalala nje, kisha inaangalia wangapi kati yao waliibiwa. Ukisema biashara, unahamia kwa wanaoshinda barabarani. Kila ukibadilisha jibu unabadilishiwa wenzako."

"Basi mimi nimekuwa mtu wa kuhamishwahamishwa."

"Na ukikubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa ya hasara ikitokea, bei inashuka, kwa sababu umewapunguzia mzigo."

Tulijaribu hilo, ikashuka kidogo. Mume wangu akataka binti awekwe dereva wa pili, kwa kuwa huendesha gari la duka lao na leseni yake haina doa. Bei ikapanda kidogo, maana sasa walikuwa wawili wa kuangaliwa. Kisha likaja swali la ajali.

"Jibu ndiyo," mume wangu akasema. "Ile nguzo ya geti la shule. Mbwa alikatiza. Mtaa mzima unajua."

Nikajibu ndiyo. Swali lililofuata nilianza kulisoma kwa sauti, na sauti ikanipungukia kabla sijafika mwisho. Nilikumbuka sharti, nikarudi mwanzo. "Je, dereva yeyote aliyetajwa ana maradhi yanayoweza kumfanya apoteze fahamu ghafla?"

Kuku walisikika nje. Shemeji akasema, "Hapana. Weka hapana, twende."

Mimi nilikuwa katika gari siku ile ya nguzo, juu ya gunia langu. Mbwa hakuwapo. Mume wangu alikuwa akinisimulia habari ya bei ya chakula cha kuku, akanyamaza katikati ya neno, kichwa kikalala begani kana kwamba kimekatwa uzi, na mguu wake ukabaki juu ya kikanyagio cha mafuta. Watoto wa shule walikuwa wamevuka muda mfupi tu kabla. Baadaye, ute wa mayai ukitiririka hadi barabarani, alizinduka akaniuliza tumegonga nini, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: mbwa. Tangu hapo hali ile ilimpata mara nyingine, bafuni na kwenye banda. Kila mara kulikuwa na mbwa wa namna yake: utelezi, njaa, jua.

"Mume wangu," nikasema, "mficha maradhi..."

"Usiimalizie."

"Baba?" Binti yetu alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mama yako amejua kusoma, sasa anasoma hata visivyoandikwa."

Neno lile liliniuma, lakini sikumrudishia simu. Nilimuuliza jambo moja tu: "Ile saa ya nguzo, watoto wangekuwa bado barabarani, ungesema mbwa?"

Mume wangu aliokota yai lililopasuka kwenye trei, akalizungusha vidoleni, akalirudisha mahali pake kwa uangalifu kana kwamba ni zima. Nikabonyeza ndiyo.

Nilitazamia bei ipande. Haikupanda. Ilitoweka, na mahali pake pakaja maneno machache ya adabu: hatuwezi kukupa bei kwa maelezo haya.

"Safari hii haikunihamishia kwa wenzangu," mume wangu akasema taratibu. "Imenitambua."

Shemeji akaninyang'anya simu, akageuza jibu kuwa hapana, na bei ikarudi kama haijaondoka. "Mnaona? Kidole kimoja tu! Kaka, sema neno moja nilipie, Jumatatu upeleke mzigo kama dume."

Mume wangu alipokea simu kutoka kwa mdogo wake. Aliitazama bei ile kwa muda, na mimi nikajua kwamba nyumba yetu yote imesimama juu ya kidole gumba chake. Kisha akampa binti. "Rudisha jibu la mama yako. Halafu kuna mahali pa kumwondoa dereva?"

"Baba..."

"Nimeuliza kama mahali hapo papo."

Palikuwapo. Palikuwa na maneno mawili, futa dereva, na alama ndogo ya pipa la taka. Binti alibonyeza penye jina la baba yake huku akigeuza uso. Bei ikarudi, na ilikuwa chini kuliko zote tulizoziona tangu tulipoanza kusema kweli.

Hakuna aliyefurahi. Hata shemeji, ambaye hakosi neno, alitoka nje akasimama na kuku. Mume wangu aliendelea kuitazama ile tarakimu. "Ndivyo nilivyokuwa nawagharimu," alisema.

Jumatatu asubuhi nilipotoka na trei za kwanza nilisikia nyundo. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa gari, akipiga reli ya kiti cha dereva iliyoshikwa na kutu. Alipiga, akapaka mafuta, akapiga tena. Ghafla nyundo ikanyamaza. Nilipoinama kuangalia, paji lake la uso lilikuwa limelala juu ya kiti na mikono imening'inia. Nilidhani imemjia, nikaziweka trei chini, nikamshika mabega.

"Siyo hiyo," alisema, uso ukiwa ungali kwenye kitambaa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nilisubiri. Baadaye alijifuta kwa mkono wenye grisi, akakisukuma kiti mbele kwa goti, nacho kikalia na kwenda.

"Kimekubali," akasema. "Mwite binti aje apime miguu."