Jicho Lililokataa Kulala

Mzee Sponji, fundi wa makochi, alirudi nyumbani mchana akamkuta mkewe amejilaza sebuleni, uso umeelekea mlangoni. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, linamtazama.

"Hujalala?"

Alisogea pembeni, jicho halikumfuata. Aliinama, akaona jicho la kulia limefumbwa kabisa na kifua kinapanda na kushuka kwa usingizi mzito. Nywele zikamsimama. Alipomgusa bega, mkewe alishtuka.

"Mbona unaninyatia kama mwizi?"

Maneno yalitokea upande mmoja tu wa mdomo. Upande wa pili ulining'inia kama kitambaa kilichokosa misumari.

Mama huyu alikuwa mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, tena mwenye mazoea ya kujikuna sikio kwa kibanio cha nywele. Sikio la kushoto liliwasha, likavimba, likatoa usaha. Muuza dawa alimpa matone, usaha ukapungua, lakini maumivu ndiyo kwanza yakapamba moto. Yakashuka hadi kwenye taya, hata kutafuna mkate ikawa adhabu. Kisha akaanza kusikia kitu.

"Kuna mtu anatembea humu ndani," alimwambia mumewe, kiganja kikiwa sikioni. "Polepole, kama anayetafuta mlango."

Mzee Sponji alicheka, maana mkewe alikuwa bingwa wa utani. Alipomtazama vizuri, kicheko kikamkauka.

Na sasa uso nao. Jirani alikuja kumjulia hali, akamkodolea macho, akaondoka bila kumaliza chai. Mlangoni alimnong'oneza mzee, "Shemeji, yule si yeye." Mkewe aligeuza kioo kikaelekea ukutani. "Mimi nikitabasamu, huyu wa kushoto anagoma," alisema. Mzee Sponji alijikuta anakwepa kukaa upande ule, na aibu ikamtafuna.

Binti yao alipopigiwa simu hakutaka maelezo marefu. "Baba, mpeleke hospitali leo hii."

Baada ya vipimo na picha za kichwa, daktari alivuta kiti. "Mama, ugonjwa haukuishia sikioni. Vijidudu vimepenya nyama vikaingia kwenye mfupa wa chini wa fuvu. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita hapohapo, nao umeumia. Kisukari kimevifungulia njia."

"Na huyo anayetembea?"

"Ni damu yako mwenyewe. Sikio limeziba, kwa hiyo unasikia mapigo ya moyo."

Mama alitafakari. "Mbona tukianza kuongea anasimama, kama anatusikiliza?"

Daktari alimshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Hakusema alichohesabu.

Mama alilazwa wiki nyingi, dawa zikiingia kwa mshipa, sukari ikichungwa asubuhi na jioni. Maumivu yalilegea, usaha ukakauka, picha mpya zikaonyesha mfupa unapona. Shavu nalo lilianza kucheza kidogo. Ila kope lilikataa. Daktari alisema wazi kwamba huenda lisifunge tena sawasawa, na jicho linalolala wazi hukauka likaharibika.

Kwa hiyo waliporudi nyumbani ikawa kazi ya Mzee Sponji kutia mafuta ya jicho na kulifunga kwa plasta kila mkewe alipotaka kupumzika. Mikono iliyozoea kuvuta ngozi ngumu kwenye mbao ililazimika kujifunza wepesi siku ya kwanza. Jicho lilimkazia bila kupepesa, hata alipokuwa analishusha kope kwa kidole.

"Unaniogopa, baba?" mkewe aliuliza.

Alitaka kukana, akashindwa. "Naogopa kidogo."

"Hata mimi najiogopa. Funga, halafu usiende mbali."

Alibandika plasta, akaisawazisha kwa kidole gumba. Kisha akazunguka kitanda, akajilaza upande wa kushoto, karibu kabisa na lile shavu lisilosema kitu, akamsubiri asinzie.