D Bila Kitufe

Mdogo wangu aliponiambia kwamba siku ya usaili wa chuo cha muziki atapigiwa na mpiga piano wa chuo, si mimi, nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja. Nikavuta nywele kuliko ilivyotakiwa. Mteja akashtuka, nikamwomba radhi, lakini macho yangu yalikuwa kwa Chiriku, kasimama mlangoni mwa saluni yangu na mkate mkononi, ananitazama kama mtoto aliyemwaga maziwa ya wageni.

"Hebu rudia," nikamwambia.

"Dada, usikasirike. Ukumbini kwao kuna piano ya mbao. Haina kitufe."

Akawa amenimaliza, maana ni kweli.

Ngoja nieleze, asiyepiga kinanda hatanielewa. Kazi yangu ni kusuka, lakini kwaya yetu haijawahi kuimba bila mimi kwenye kinanda cha umeme. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuangalia na kuibia, na nilijifunza kupiga kwa C tu, ile ngazi ya sauti inayotembea kwenye vibao vyeupe mwanzo mpaka mwisho. Kwaya wakitaka juu zaidi, kuna kitufe pale kushoto: unakibonyeza, mashine yenyewe inapandisha sauti, vidole vyako vinabaki nyumbani kwao. Tuko wengi tunaopiga hivyo, na tunajuana. Watu wanatushangilia, wanasema yule ni fundi, na fundi mwenyewe hajawahi kugusa kibao cheusi isipokuwa anapofuta vumbi.

Sasa wimbo wa Chiriku unakaa D, hatua moja juu ya C. Ukimshusha C, maneno ya mwanzo yanazama kooni, anaimba kama mtu aliye ndani ya pipa. Hilo nalijua kuliko yeye. Mama yetu alipofariki, Chiriku alikuwa hajui hata kufunga viatu. Nimemlea mimi, na kila alipofumbua kinywa mbele za watu, mimi nilikuwa pembeni yake na kinanda changu. Leo, siku iliyo kubwa kuliko zote, ndiyo nikae nje kwenye benchi nimshikie mkoba? Iliniuma. Iliniuma mpaka mistari niliyokuwa nasuka ikaenda upande.

"Nipe muda," nikasema. "Nikiweza kuupiga wimbo wako kwa D kwenye piano ya mbao, tunakwenda wote."

"Na ukishindwa?"

"Utakwenda na huyo wa kwao."

"Na hutaninunia?"

"Nani kakwambia mimi nanuna?" nikamjibu, nikanuna mpaka jioni.

Mtu pekee niliyemjua mwenye piano za mbao alikuwa Sikio. Huyu ni fundi wa kutengeneza piano na kuziweka sawa sauti zake. Karakana yake iko nyuma ya duka la vitanda, imejaa harufu ya vanishi na gundi, na piano zimesimama matumbo wazi, nyuzi nje. Nilimkuta kazama ndani ya moja, amebaki makalio tu, na ni hayo makalio niliyoyaeleza shida yangu.

"Wimbo sikufundishi," akasema bila kutoka. "Wimbo sijui hata mmoja. Ninachojua ni skeli meja. Do re mi mpaka do, kupanda na kushuka, kuanzia kibao chochote utakachotaja. Ndizo napimia piano zangu."

"Hata wimbo mmoja?"

"Nyimbo zinanisumbua. Zina maneno."

Akanikalisha kwenye piano iliyokuwa inamsubiri mwenyewe aje kuichukua. Ilikuwa na kibao kimoja kilichokufa, ukikibonyeza kinasema ko, kama mtu anayebisha hodi. Akaniambia nianze na skeli ya C. Nikapiga kwa madaha, si ndiyo nyumbani. Akatikisa kichwa. Kumbe hata C yenyewe nilikuwa naipiga kwa vidole vya kuokoteza, kilicho karibu ndicho kinabonyeza. Akanionyesha: dole gumba, cha pili, cha tatu, halafu dole gumba linapita chini ya wenzake kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, linatua kwenye fa, na mkono unaendelea bila kuruka. Kiwiko kisitoke nje. Bega lishuke.

"Dole gumba lako lina kiburi," akasema. "Halitaki kuinama."

"Ni la familia," nikamwambia.

Nikawa nakwenda kila nikifunga saluni. Tukapiga G, yenye kibao kimoja cheusi. Tukapiga D, yenye viwili. Nikajua nimefika safari yangu, nikamwambia sasa nianze wimbo. Akakataa. Akasema kwake hakuna duka la rejareja, ukichukua skeli unachukua zote. Basi tukaendelea, A, E, B, halafu zile za fleti, zenye sauti iliyoshushwa nusu, na F ndiyo iliyotaka kunitoa machozi, kwa sababu pale dole gumba halipiti baada ya kidole cha tatu, linasubiri cha nne. Mimi nilikuwa nalipitisha mapema, linajikwaa kwenye cheusi, na Sikio anagonga ubao kwa bisibisi: rudia. Narudia. Yeye anapaka vanishi huku kanipa mgongo, na nikitumia kidole kisicho chake anajua, hata kama sauti ni ileile. Sijui alikuwa anajuaje. Ananikera mpaka leo.

Kile kitu kikaniingia mwilini, nikawa situlii. Nikisubiri chai ichemke, vidole vinapanda ukingo wa meza. Nikisuka, kichwa cha mteja nakiona ni vibao, dole gumba, pili, tatu, pita chini. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kama nimeona chawa. Mwingine akasema nikimaliza kumpigia ngoma nimwambie, ana safari. Hata Chiriku siku moja tukiwa mezani aliushika mkono wangu wa kushoto akaukandamiza chini.

"Dada, kula."

"Si nakula."

"Unakula kwa mkono mmoja. Mwingine unapanda ngazi."

Nikamwambia asinipangie mikono. Nilikuwa mkali siku zile, najijua, kijiko kikianguka nagomba na kijiko. Usingizi ulikuwa wa kuibia. Na yule mpiga piano wa chuo, ambaye sijawahi kumtia machoni, nilimchukia pamoja na vidole vyake virefu, maana kichwani mwangu nilishampa vidole virefu. Lakini kilichokuwa kinanitafuna hasa si piano. Ni vile Chiriku alivyolisema lile neno pale mlangoni. Hakusita. Alikuwa ameshaliwaza peke yake, akalimaliza, ndipo akaja kunipa taarifa. Mtoto niliyezoea kumjua anataka nini kabla hajaomba.

Sikio aliporidhika, au alipochoka, nikauchukua wimbo mwenyewe nikauhamishia D, mstari kwa mstari, kama mtu anayehamisha vyombo nyumba kwa nyumba. Kisha nikamwita Chiriku karakanani. Akaimba kasimama katikati ya piano zilizofunuliwa, mimi nikapiga, na hatukugongana popote isipokuwa kwenye kile kibao cha ko.

"Twende wote," Chiriku akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamwambia sauti yake ya mwisho imeshuka kidogo, alale mapema.

Chumba cha usaili kilikuwa na madirisha marefu na sakafu ya kuteleza. Waamuzi walikaa watatu nyuma ya meza, na aliyeongea ni mama wa katikati, mwenye miwani. Pembeni, karibu na mlango, alikaa mpiga piano wa chuo. Alikuwa kijana mnene, vidole vifupi, na akanitabasamia. Ikabidi nimchukie upya.

Tukaanza. Nikapiga kwa D, dole gumba likipita chini kila lilipotakiwa kupita, na Chiriku akapanda juu yangu kama anayepanda ngazi za kwao. Sikukosea. Tulipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na nilitaka kucheka kwa sauti.

"Vizuri," akasema yule mama. "Naona huu mmeuzoea. Upandisheni nusu sauti, tuusikie tena kwa E fleti."

Mkono wangu wa kushoto ukaondoka wenyewe, ukaenda kwenye kona ya piano kutafuta kitufe. Ukapapasa mbao. Kila mtu aliuona ukipapasa.

Wimbo kwa E fleti sikuwa nao. Nilikuwa na wimbo kwa D, na nilikuwa na skeli ya E fleti, na hivyo ni vitu viwili, kama kuwa na unga na kuwa na mkate. Nikaviweka vidole, nikajaribu mstari wa kwanza kimoyomoyo, vikakataa.

"Siwezi," nikasema. Nilitaka niwe mimi wa kulisema, kabla hajalisema mwingine.

"Hakuna shida," akasema yule mama, wala hakuwa na ubaya. "Mpigaji wetu yupo." Yule kijana akaanza kuinuka.

Nikamwangalia Chiriku. Sikumwomba kwa mdomo, lakini uso wangu najua ulisema nini. Ulisema usinifanyie hivi mbele za watu. Naye aliusoma. Chuo alichokitamani kilikuwa mbele yake, umbali wa meza moja, na mimi ndiye niliyekaa katikati.

"Samahani," akawaambia. "Naomba niimbe bila piano." Halafu akanigeukia. "Dada, nipigie skeli tu, nishike sauti. Kupanda na kushuka, halafu uache."

Uache. Alilisema taratibu, namna ninayosema na mteja mwenye kichwa kinachouma.

Nikapiga. E fleti inaanzia kwenye cheusi, kwa kidole cha tatu, na dole gumba linashuka papo hapo kwenye cheupe. Likainama. Nikapanda, nikashuka, mkono haukuruka, na ilikuwa skeli safi kuliko zote nilizowahi kupiga maishani. Kisha nikaiweka mikono mapajani.

Chiriku akaimba.

Mimi miaka yote nilikuwa namsikia mtoto huyu huku nikihangaika na vidole vyangu, namwahi asije akafika mahali nisipokuwepo. Kwenye ubeti wa pili, kabla ya neno la mwisho, kuna pahali anavuta pumzi. Mimi huwa napajaza. Napiga madoido pale, nikidhani ameishiwa, namsaidia. Kumbe hakuwa ameishiwa. Alikaa kimya pale, akawafanya wale watatu wainamie meza wakimngoja, ndipo akalitoa lile neno, dogo, na likafika hadi madirishani. Nilisikia uchungu na nilisikia fahari, na uchungu ndio uliotangulia. Nilikuwa nimemfunika. Kwa mapenzi yote niliyo nayo, nilikuwa nimemfunika kwa kinanda.

Alipomaliza hakuna aliyeandika kitu. Yule mama akavua miwani, akawatazama wenzake wa kulia na kushoto, wakaitikia kwa kichwa.

"Nafasi unayo," akamwambia. "Na bweni lipo. Unaweza kuja lini?"

Chiriku alinigeukia mimi, kama alivyonigeukia maisha yake yote kila akiulizwa swali na mtu mzima. Nilikuwa na majibu mengi. Nguo zake bado ziko kwa fundi, kikohozi hakijaisha vizuri, kwanza turudi nyumbani tuzungumze, mwezi ujao, mwaka ujao. Yote yalinifika kwenye ulimi.

"Hata kesho," nikasema.