Konokono wa Kituo cha Nne

Hamida aliomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya biolojia mara mbili. Mara ya kwanza chuo kilimjibu kwa mistari mitatu: hakukuwa na mhadhiri wa kumsimamia. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Kinyerezi. Jibu lilimkuta kwenye simu akiwa ofisi ya walimu. Akalisoma, akaweka simu mkobani, akaenda kuwafundisha kidato cha tatu mmeng'enyo wa chakula.

Mwaka uliofuata hakuandika tena kuhusu magonjwa ya majini kwa ujumla. Alitaja kitu kimoja: konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho, na bonde la nyuma ya mtaa wao ambako watu wanalima mchicha na matembele mwaka mzima. Kisha akaenda mwenyewe chuoni, akakaa nje ya mlango wa Dk. Fransis, mtaalamu wa vimelea, mpaka saa saba mchana.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa konokono?" Alikuwa na ombi lake mezani. "Kwa nini bonde hilo?"

"Wanafunzi wangu wanapita pale. Kila mwaka wanapewa vidonge shuleni, na kila mwaka wapo wanaoumwa tena. Nataka kujua wanaambukizwa sehemu gani."

Dk. Fransis alivua miwani. "Mwaka jana ulileta mada. Sasa umeleta swali. Nitakusimamia."

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa madarasa ya jioni na mitihani. Wa pili ulikuwa wa bondeni. Kila Jumamosi asubuhi Hamida alishuka na ndoo, chujio la mpini mrefu na viatu vya mpira vinavyofika magotini. Aligawa kijito katika vituo sita, lakini kwa wiki tatu za mwanzo alipata konokono wa kuhesabika kwa vidole.

Aliyemwonyesha walipo alikuwa Didas, mkulima wa makamo kutoka kusini, upande wa Masasi, ambaye matuta yake yalikuwa katikati ya bonde.

"Mwalimu, hapo utachoka bure," alimwambia. "Hao wanakaa kwenye maji yaliyotulia, chini ya majani. Njoo huku ninapochotea."

Palikuwa na dimbwi la maji ya kiunoni, ambamo Didas aliingia miguu mitupu mara arobaini kwa siku na makopo yake mawili ya kumwagilia. Hamida akakihamishia hapo kituo cha nne. Tangu siku hiyo alimwita kaka Didas, na mkewe Anjelina, aliyeuza mboga barabarani, akamwita wifi. Alimwambia Didas avae viatu vya mpira. Didas alivaa wiki moja, akavivua. Alisema vinajaa maji, vinamwelemea.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, Hamida akiwa amechuchumaa anahesabu, Didas alisimama nyuma yake.

"Eti mwalimu, mtu akikojoa damu, ndiyo ugonjwa wa hawa wadudu wako?"

"Inaweza kuwa. Nani anakojoa damu?"

"Kuna jamaa yangu, yuko huko Mbezi."

"Mwambie aende zahanati wampime mkojo. Dawa ipo, ni vidonge tu, anameza siku moja."

"Haya. Nitamwambia."

Jua lilikuwa linapanda, na konokono wakipata joto kwenye ndoo hufa. Hamida aliendelea kuhesabu. Hakugeuka kumtazama.

Miezi mitatu baadaye, kwenye maabara ya chuo, alimweka kila konokono wa kituo cha nne kwenye chupa yake ndogo ya maji, akaziacha chupa kwenye mwanga. Baada ya saa mbili alichukua tone, akaangalia kwa hadubini. Vilikuwepo: vijidudu vyenye mkia uliogawanyika sehemu mbili, vinaogelea kwa kurukaruka. Konokono kumi na mmoja kati ya mia mbili na sita walikuwa wanavitoa. Katika vituo vingine vyote, alivyovipima wiki zilizotangulia, hakupata hata mmoja. Hamida alipiga picha, akamtumia Dk. Fransis, na kwa dakika kadhaa alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aanze masomo.

Furaha ilikatika akiwa anaosha chupa. Alikumbuka miguu ya Didas ndani ya lile dimbwi, halafu akamkumbuka jamaa wa Mbezi.

Hakungoja Jumamosi. Kesho yake baada ya vipindi alienda bondeni, akakuta makopo yamelala tutani. Akapanda mpaka nyumbani kwao. Anjelina alikuwa mlangoni.

"Yuko ndani, wifi. Tangu jana mkojo umegoma. Tumbo limejaa kama ngoma na hataki hospitali."

"Leo atataka," Hamida alisema.

Walimpeleka kwa bajaji. Mkojo ulitolewa kwa mpira, ukatoka mwekundu. Baada ya vipimo vya wiki mbili daktari aliwaita wote watatu, akasema kuna uvimbe kwenye kibofu, ni saratani, na umeshapenya ukuta wa kibofu. Akamuuliza Didas alianza lini kuona damu.

"Nikiwa mdogo, kijijini. Tulikuwa tunaogelea mabwawani. Wavulana wote tulikojoa damu, tukadhani ndiyo kukua. Ikaisha. Ikarudi nikiwa huku."

"Miaka mingapi sasa?"

"Mitano. Labda sita."

Anjelina alimtazama mumewe, kisha akatazama sakafu. Hakuwa amejua.

Hamida alimfuata daktari kwenye korido, akamuuliza kama miezi mitatu ingebadili kitu. Daktari alisema ugonjwa huo ulijengeka kwa miaka mingi. Alisema, kwa miezi mitatu, labda kidogo, labda hapana.

Siku iliyofuata Hamida alikaa kando ya kitanda.

"Yule jamaa yako wa Mbezi, kaka."

Didas alifumba macho. "Niliona aibu. Wewe mwanamke, tena mdogo kwangu."

"Nilitakiwa nikuulize mara ya pili."

"Ungeniuliza mara ya pili, ningekudanganya mara ya pili. Mie najijua." Akafumbua macho. "Ila ungeuliza tu."

Alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza. Padri alisoma misa fupi kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kaburini. Hamida alisimama na wanawake, mtandio umelowa, na ilipofika zamu yake alitupa udongo kwa mkono kama wengine.

Kwa miezi miwili hakugusa kazi ya chuo. Dk. Fransis alimpigia mara tatu, na mara ya nne Hamida alienda ofisini kwake. Alimweleza yote, bila kujipunguzia.

"Nataka kukiondoa kituo cha nne," alisema mwishoni. "Nibaki na vitano."

"Kwa nini?"

"Najiona kama namtumia."

"Ukikiondoa, tasnifu yako itasema lile bonde ni salama. Utakuwa umeandika uongo, na watu wataendelea kuingia kwenye yale maji. Habari za ugonjwa wake usiziandike, kibali chako ni cha konokono, si cha watu. Lakini konokono wa pale ni wako kuwaandika. Hakuna mwingine aliyewahesabu."

Hamida alirudi bondeni wiki hiyo kuomba radhi kwa Anjelina kwa kutoonekana. Alimkuta ndani ya dimbwi, gauni limefungwa kiunoni, anachota kwa makopo ya mumewe.

"Wifi, hayo maji."

"Nayajua," Anjelina alisema bila kuacha kuchota. "Una mengine?"

Hamida hakuwa nayo. Alienda zahanati ya kata, akaongea na muuguzi mkuu, mama mmoja mkali aliyemwuliza kwanza ni nani aliyemtuma. Alirudi mara tatu ndipo akapewa siku. Wakulima kumi na tisa walikuja kupimwa mkojo. Saba walikutwa na mayai ya kichocho, Anjelina akiwa mmojawao. Walimeza vidonge palepale. Hayo hayakuingia kwenye tasnifu.

Kuhusu maji, aliwaeleza wakulima kwamba vile vijidudu haviishi zaidi ya siku mbili vikikosa mtu wa kumwingia. Maji yakichujwa yakakaa kwenye pipa siku mbili kamili, hayana tena madhara hayo.

"Mchicha hausubiri siku mbili," Anjelina alimkatiza.

"Mapipa matatu. Moja linajazwa, moja linatulia, moja linatumika."

"Na wa kujaza?"

"Avae viatu, achote akiwa ukingoni."

Wengine walicheka. Wiki mbili baadaye wakulima wanne walikuwa na mapipa. Wengine waliendelea kuchota kama zamani, na Hamida aliwaona na hakuwa na la kuwafanya.

Aliandika kwa miezi mitano, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Siku ya kuitetea tasnifu alikaa mbele ya watu wanne. Mtahini wa nje alimwuliza kwa nini kituo kimoja tu kilikuwa na maambukizi. Alijibu kuhusu maji yaliyotulia, kivuli, na binadamu kuingia mara kwa mara. Alipolitamka neno "binadamu" alisita. Akanywa maji, akaendelea. Walimtoa nje, wakamrudisha, wakamwambia amefaulu na ana masahihisho ya wiki sita.

Jioni ile alipitia bondeni. Anjelina alikuwa anamwagilia kutoka kwenye pipa.

"Nimefaulu, wifi."

"Hongera, mwalimu." Anjelina aliweka kopo chini, akanyoosha mgongo. "Nikuulize kitu. Marehemu alinisimulia ile siku aliyokuambia habari za damu, nawe umempa mgongo. Ungegeuka ukamwangalia, ningekuwa naye leo?"

Hamida alikuwa amejiandaa kwa swali hilo mwaka mzima.

"Sijui, wifi. Daktari naye hakujua."

Anjelina aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kile alichotarajia. Akamsogezea kopo la pili, na Hamida akavua viatu vyake vya chuoni, akaviweka juu ya jiwe, akaanza kumwagilia tuta lililofuata.