Sauti Iliyokalia Kiti cha Mgeni

Bi Halszka alikuwa anakaanga vipande vya samaki vya mkesha wa Krismasi, na mezani kuna sahani moja ya ziada, kama kila mwaka, kwa mgeni asiyealikwa. Mji wa Łódź, huko Poland, ulishaingia giza tangu saa kumi. Nyota ya kwanza ikatoka, mlango ukagongwa, ikaingia sauti ya zamani ya binti yake Dobrawa, aliyekuwa akipanga vijiko mezani.

Ilivaa gauni la kumetameta. Ilimtoka Dobrawa mwezi Machi, studio, katikati ya kiitikio. Ikachukua koti, ikaenda zake. Kampuni ya muziki ikasema mkataba uko wazi: sauti ni mali yao, na jina pia. Tangu hapo inazunguka kwenye harusi na maonyesho ikiimba ule wimbo wa matunda ya cheri uliompa Dobrawa umaarufu na pesa, na yeye kabakiwa na koo linalokwaruza.

"Karibu, mwanangu," mama akaiambia. "Vua viatu hapo, ndara hizi."

"Mama, mwanao mimi hapa!" Dobrawa akasema.

"Na wewe kaa. Leo hafukuzwi mtu."

Wakavunjiana mkate mwembamba, wakatakiana heri. Sauti ikasifu supu ya bitiruti. Mjomba Ksawery akaguna: "Afadhali huyu. Wewe Dobrawa siku hizi unaimba kama mtu anayeburuta kabati."

"Kabati nimeliburuta kweli, mjomba. Limo kwenye wimbo wa tatu wa albamu yangu mpya."

Usiombe ndugu wa namna hii! Gari analoendesha mjomba lilinunuliwa kwa pesa za hizo hizo cheri. Lakini Dobrawa hakuja kugombana. Alitaka jambo moja tu: mama amsikilize, wimbo mmoja, mpaka mwisho. Aliutengeneza kwa mlio wa mashine za kufuma za kile kiwanda alichofanyia kazi mama mpaka kikafungwa.

Akaimba, huku akipiga meza kwa ngumi. Kitambaa cha meza kikaanza kujifuma. Kikashuka sakafuni, kikapita mlangoni, kikateremka ngazi. Mjomba akainua miguu kukipisha, akaendelea kutoa miba.

Mama akapapasa pindo. "Hiki chetu," akasema. "Cha zamu ya asubuhi. Nakijua hata gizani."

"Basi umenisikia."

"Nimekusikia. Miaka yote nilitoka kazini namwomba Mungu aniondolee kelele hii masikioni. Ukaja na cheri zako, ikaondoka. Leo unanirudishia mezani kwangu?" Akachukua mkasi, akakikata kitambaa pale kizingitini ili mlango ufungike. Kisha akaigeukia sauti. "Mwanangu, hebu tuimbie."

Iliuma, tena sana. Dobrawa akavaa koti. "Ipende tu, mama. Hiyo haizeeki. Mimi nitazeeka na koo langu hili."

Akashuka akiimba, na kitambaa kikajifuma mbele yake hadi uani. Wanawake wa kiwanda cha zamani, majirani wa jengo hilo, wakatoka na aproni zao, wakashika pindo, wakaanza kukikunja wawili wawili kama shuka.

"Wimbo mbaya huu, binti," mmoja akamwambia.

"Najua, shangazi. Shika vizuri."

Kule juu sauti ilifika kwenye kiitikio, na mama akafunga dirisha kelele zisiingie. Dobrawa akavuta pumzi, akaanza upya.