Taa Kando ya Mpiga Zumari

Alipomwona kaka yake Chia Neng akipiga magoti mlangoni mbele ya mumewe Tou Ger, Pa Nhia alijua mambo yameharibika. Baba yao alikuwa amefariki asubuhi ile. Chia Neng alikuja kumwomba Tou Ger akapige zumari ya mianzi, maana bonde zima hakuna mwingine anayeujua ule wimbo mrefu unaomrudisha marehemu kijiji kwa kijiji, kote alikoishi, mpaka alikozaliwa. Na mpiga zumari akipigiwa magoti hakatai. Athubutu nani?

"Inuka, kaka," Pa Nhia alisema. "Atakuja. Ila taa ya kuvutia afyuni isiwashwe kando yake. Unaapa?"

"Naapa, dada. Kwani mimi nataka shemeji arudie uteja?"

Jamani, kuiacha afyuni kulimtoa roho Tou Ger! Arosto ilimkunja, akatapika, akalia, mkewe kamshika. Alipopata nafuu, Pa Nhia akamuuliza, hivi utamu wake ni upi?

"Utamu gani, mama watoto? Mimi yatima, nimelelewa kwa makombo. Msiba wa kwanza kupiga zumari, wazee waliniwekea taa na kiko, wakajilaza pembeni yangu. Mmoja akaniuliza, 'Umekula, mwanangu?' Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu."

Na tangu aache, nani alikuja hata kumjulia hali? Wavutaji wenzake walimkwepa. Wasiovuta wakaendelea kumwita teja. Pa Nhia aliyaona yote hayo, yakamchoma.

Msibani Tou Ger alipiga zumari usiku kucha bila kulala, bila kuvuta. Mchana wa pili jasho lilimtiririka na vidole vikaanza kutetemeka. Katikati ya wimbo, zumari ikanyamaza. Mpiga ngoma akaduwaa na vijiti vyake.

"Mume wangu amebaki njiani, msituni!" mama yake Pa Nhia alipiga yowe. "Atazurura huko milele! Mmemtupa!"

Mjomba mmoja akaileta taa, haijawashwa, akaiweka miguuni pa Pa Nhia. Kiberiti akampa mkononi.

"Mimi niliapa, siigusi," Chia Neng alisema, macho chini. "Lakini ni baba, dada."

Wote wakamtazama Pa Nhia. Loo, wepesi gani huo wa kumtwisha mtu mmoja dhambi ya ukoo mzima!

Tou Ger hakuiangalia taa. Alimwangalia mkewe. "Sema tuondoke, tutaondoka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Watutemee mate wakitaka. Sema tu."

Pa Nhia alimtazama baba yake aliyelazwa pale, viatu vya safari miguuni. Alimpenda mno yule mzee. Mama yake akamshika mguu, akaanza kumbembeleza kama mtoto.

Pa Nhia akawasha kiberiti.

Hapo wazee wavutaji waliosimama mbali tangu jana wakasogea, mmoja mmoja, wakajilaza kuizunguka taa. Mjomba akamtengenezea Tou Ger kiko, akampangusa jasho.

"Umekula, mwanangu?"

Tou Ger akatabasamu. Mkewe hakuwa ameliona tabasamu lile tangu alipoacha.

Zumari ikaanza tena palepale ilipokatikia, safi, bila kukosea. Pa Nhia alisimama na kiberiti mkononi, akimsikiliza baba yake akifika nyumbani.