Meya Aliyeziba Jua

Ofelia Arriaga alidondosha dawa ya kupimia sumu kwenye glasi ya maji ya bomba, na maji yakageuka zambarau. Akajaza glasi nyingine, akadondosha tena. Zambarau ile ile. Sumu ilikuwa imerudi.

Tangu mvua zikatike, mtaa wa Las Tinajas ulikuwa ukinywa maji safi. Ofelia, binti wa mtaa huo aliyesomea kemia, ndiye aliyefunga mirija ya vioo kwenye tangi la maji ya bomba, nyuma ya kanisa, na kuipaka kwa ndani unga mweupe, ule ule unaotiwa kwenye rangi za nyumba. Jua likiupiga, unga huo unaamka, na kromu, sumu ya kiwanda cha ngozi inayoyatia maji umanjano na kuchubua midomo ya watoto, inapoteza ukali wake. Kisha kwa chokaa kidogo inatuama kama tope la kijani. Akina mama walikamulia ndimu kwenye tangi ili kazi iende haraka, wakitaniana kwamba wanapika supu isiyo na kuku.

Sasa unga ulikuwa umelala. Usiku wa kuamkia jana mafundi wa manispaa walikuwa wamesimamisha mbele ya mirija bango la bati, refu kupita paa la kanisa, lenye uso wa meya na meno yake yote: MAJI SAFI, KAZI YA MIKONO YANGU. Kivuli chake kilifunika vioo vyote.

Ofelia alimkuta Don Fermín, mwakilishi wa meya mtaani, akinyolewa ndevu.

"Don Fermín, bango lenu limeziba jua. Maji yamerudia sumu."

"Taratibu, binti. Mheshimiwa anakuja Jumapili kulizindua. Akishapigwa picha, tutazungumza."

"Watu wanakunywa leo!"

"Si wachemshe?"

"Kromu si mdudu, mzee, haifi kwa moto!"

"Basi sogeza hivyo vioo vyako."

"Vioo ndivyo vilivyotangulia!"

"Vioo vinapiga kura?" Fermín akacheka, na kinyozi naye akacheka.

Ofelia alitoka bila kuaga. Nyumbani alimkuta mama yake, Doña Jacinta, akikoroga maharagwe jikoni.

"Mama, mwaga hayo."

"Nimwage chakula? Una wazimu?"

"Umepikia maji ya bomba. Mwaga!"

Mama alitazama sufuria, akamtazama mwanawe. Akaibeba na kuimwaga shimoni.

"Nani katufanyia hivi?"

"Meya. Kwa sura yake."

"Msumeno wa chuma wa marehemu baba yako uko chini ya kitanda," mama akasema.

Ofelia alikata nguzo ya kwanza ya bango peke yake, mchana kweupe, cheche za kutu zikimrukia usoni. Kwenye ya pili majirani walishafika na kamba.

"Vuta, shoga! Huyo mzito, ameshiba!"

Bango likaanguka kifudifudi kwa kishindo kilichowafukuza njiwa wote wa kanisani. Polisi walimchukua Ofelia msumeno ukiwa bado mkononi.

Doña Jacinta na wenzake waliwafuata hadi kituoni na madumu ya maji ya manjano. Kila askari aliyetoka alinyooshewa kikombe.

"Kunywa, kaka. Mkuu wenu anasema hakuna kosa ila la binti yangu. Kunywa basi!"

Hakuna aliyekunywa. Jioni mkuu wa kituo, amechoka na kelele na waandishi wa habari, alimfungulia Ofelia mlango na kumwambia aende zake. Jumapili meya hakuonekana.

Baada ya siku chache za jua kali, dawa haikubadilisha tena rangi ya maji. Mama alimpiga Ofelia begani.

"Umeshinda. Cheka kidogo basi."

Ofelia hakucheka. Alikuwa akizoa tope la kijani kutoka chini ya tangi, ndoo baada ya ndoo. Mbele yake mfereji wa kiwanda ulikuwa ukiteremka, wa manjano kama siku zote.

"Nimeangusha bati, mama," alisema. "Wa kiwandani bado wanamwaga."

Akalikita koleo topeni kwa nguvu hadi mpini ukalia.