Chura wa Duka la Vitambaa

Baba alifariki Jumatatu alfajiri. Kwa desturi yetu sisi Wasigano, yaani Waroma wa Ureno, mjane humzika mumewe akiwa amevaa nyeusi tupu, na nyeusi hiyo haivui tena mpaka naye afe. Ndiyo maana haiazimwi. Mama yangu, Felismina, hakuwa nayo. Alikuwa na gauni la njano, ambalo baba alilipenda.

Hapa Moura, mji wetu mdogo, duka la vitambaa ni moja, na mlangoni pake Bwana Abílio ameweka chura wa udongo, wa kijani, mdomo wazi. Wenye maduka wanajua kwamba wazee wetu huogopa mkosi wa chura. Hata kumtaja hawamtaji. Ndiyo sababu wanamweka, tusiingie.

Mama alisimama ng'ambo ya barabara. Mimi niliingia.

"Bwana Abílio, tumefiwa. Naomba umtoe chura huyu kidogo tu, mama aingie achague kitambaa."

"Poleni. Lakini hilo ni pambo tu, bibie."

"Kama ni pambo, si litapendeza hata likikaa ndani?"

Mteja mmoja akaangua kicheko. "Polisi hawawaogopi, wanaogopa chura!"

"Nikimtoa leo, kesho mmejaa humu ukoo mzima," alisema Abílio bila hasira, huku akikunja shuka.

Nikataka kununua mwenyewe. Mama akaniita kutoka ng'ambo.

"Acha, Zulmira! Kitambaa kilichopita mbele ya yule sikivai mbele ya baba yako."

Tukarudi nyumbani. Jirani alituletea rangi, tukalichemsha gauni la njano katika sufuria kubwa, mama akiligeuza kwa mwiko na kulia kimya kimya. Lilitoka jeusi, ila kwenye mishono njano ilibaki. Nilimwomba Mungu mvua isinyeshe.

Ilinyesha. Makaburini rangi ilimtiririka mama mpaka vidoleni. Watu wa mjini wasio wa kwetu waliokuja kutupa pole, Mungu awabariki, walifika mbele yake, wakaitazama mikono ile, wakainamisha vichwa tu. Hakuna aliyempa mkono. Nikamshika mimi.

Alhamisi nilikwenda darasa la jioni la kusoma na kuandika, kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu Ivone aliposikia habari ya chura, aliandika ubaoni neno refu: anticiganismo.

"Hilo ndilo jina la mlilotendewa," alisema. "Chuki dhidi ya Wasigano. Neno lenyewe si la zamani, ila jina lenu lililomo ndani yake ni la kale. Wasomi wengi wanasema lilitokana na neno la Kigiriki, maana yake wasioguswa."

Nilijaribu kulinakili. Weusi ulikuwa bado kwenye mistari ya kiganja changu.

Nyumbani mama aliuliza, "Wamekufundisha nini leo?"

"Neno, mama."

"Zuri?"

"Hapana."

"Basi kaa nalo mwenyewe, mwanangu. Lete mkono, tumwombee baba yako."